Kifurushi cha utangazaji cha bendi: picha, wasifu, video na mabango yanayofanya kazi

Mratibu wa tamasha, mtangazaji wa redio au meneja wa hoteli anayetafuta bendi ya wikendi hufungua ujumbe wako kwenye simu, tena akiwa na shughuli nyingine mkononi. Akikuta linki moja inayofunguka, picha anayoweza kuitumia leo hii, wimbo unaolia papo hapo na namba inayopokelewa, anaendelea nawe. Akilazimika kupiga simu kuuliza "mna picha nyingine?" au "huyu anayeimba ni nani?", bendi inayofuata kwenye orodha yake imeshapata nafasi. Kila utakachotengeneza hapa kipime kwa hilo: je, mtu asiyekujua anaweza kukitumia bila kukuuliza lolote?

Mwongozo umelenga bendi inayopiga vyombo jukwaani, iwe ya dansi, taarab au mchanganyiko wowote. Msanii wa peke yake anayeimba juu ya biti ataruka mchoro wa jukwaa tu.

Kwanza taarifa, picha baadaye

Fungua hati moja ya kawaida na uandike: jina la bendi kwa tahajia moja tu, mji, mwaka wa kuanzishwa, majina ya wanamuziki na vyombo vyao, nyimbo au albamu zilizotoka na mwaka wake, majukwaa makubwa mliyopiga, barua pepe, na namba ya simu ikianza na +255, +254 au msimbo wa kwenu. Suala la tahajia linaonekana dogo mpaka unapokuta Boomplay wameandika jina kwa "&", YouTube kwa "na", na bango kwa kifupisho. Msikilizaji anayetafuta anapata nusu ya nyimbo zenu, na mifumo ya majukwaa inaweza kuwahesabu kuwa wasanii wawili tofauti.

Katika hati hiyo hiyo weka namba za usajili. Tanzania Bara, sanaa ziko chini ya BASATA na hakimiliki chini ya COSOTA. Zanzibar ni BASSFU na COSOZA. Mapromota makini huuliza nakala za vyeti kabla ya kusaini.

Halafu akaunti. Barua pepe ya bendi iwe ya bendi, isiwe ya binamu wa mpiga kinanda. Kila ukurasa uwe na wasimamizi wawili, na namba ya simu iliyounganishwa nao iwe laini inayotumika. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kuuzwa upya, na siku utakayohitaji msimbo wa kuingia kwenye ukurasa utakuwa unatumwa kwa mtu mwingine.

Picha

Hapa ndipo bendi nyingi hupoteza nafasi. Unahitaji chache, lakini zenye kazi tofauti: picha mbili za pamoja, moja ya kulala (pana) na moja ya kusimama (ndefu), picha moja ya kila mwanamuziki, na tatu au nne za jukwaani. Ya kulala inakwenda kwenye tovuti na magazeti, ya kusimama kwenye bango na status.

Saa za kupiga picha Dar, Mombasa au Unguja ni mbili: asubuhi kati ya saa 12:30 na saa 2, au jioni kuanzia kama saa 10:30 mpaka jua linapozama. Jua la saa 6 mchana liko juu ya kichwa. Macho yanageuka mashimo meusi na vipaji vya nyuso vinang'aa. Mkilazimika kupiga mchana, ingieni kwenye kivuli kipana cha jengo, barazani au chini ya mwembe mkubwa, mkiangalia upande wenye mwanga. Kivuli cha majani machache hakifai, kinamwaga madoa ya jua usoni.

Mavazi yafikirieni pamoja na ngozi. Kanzu au mashati meupe pepepe huifanya kamera ipunguze mwanga, na nyuso zinaingia giza. Rangi ya maziwa, bluu, kahawia au kitenge hutoka vizuri zaidi. Mkitaka nyeupe kwa sababu ndiyo sare yenu, gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, na ukubali kanzu ipoteze mikunjo yake kidogo. Uso ni muhimu kuliko kitambaa.

Kwa kundi la watu wanane kwenye safu mbili, usitumie lenzi pana ya simu ukiwa karibu, kwani waliosimama pembeni watavutwa na kunenepa. Weka 2x, rudi nyuma mita 5 hadi 6. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, tumia kama milimita 50, tundu la f/5.6 hadi f/8 ili safu ya nyuma nayo iwe kali, na kasi ya shata isiwe chini ya 1/125. Piga nyingi mfululizo, maana katika watu wanane daima kuna mmoja aliyefumba macho. Acha nafasi tupu juu au pembeni, kwa sababu mtengeneza bango atahitaji mahali pa kuweka maandishi, na asipopata atayaweka juu ya uso wa mtu.

Picha za jukwaani zinaharibiwa na taa za rangi. Taa nyekundu au bluu peke yake hujaza rangi moja tu ya kamera, na uso unatoka kama doa lisilo na sura. Hakuna programu itakayourudisha. Mwombe fundi wa taa awashe taa nyeupe ya mbele katika nyimbo mbili za mwanzo, upige hapo, kisha mwache afanye sherehe yake.

Picha zisiwe na nembo ya mpiga picha wala ya bendi juu yake. Jina la mpiga picha liingie kwenye jina la faili, na makubaliano naye yawe ya maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, yakisema bendi na waandaaji wanaruhusiwa kuzitumia kutangaza. Hifadhi kila picha kwa saizi mbili: kubwa yenye angalau pikseli 3500 upande mrefu kwa uchapaji, na ndogo ya pikseli 1600, chini ya KB 500, kwa mtu mwenye bando dogo.

Wasifu wa urefu wa aina tatu

Andika wa maneno 30, wa maneno 100 na wa maneno 300. Mfupi ni wa mshereheshaji kuusoma kabla hamjapanda jukwaani. Usome kwa sauti, na pale ulimi unapokwama ubadilishe. Wa kati ni wa kijitabu cha tamasha. Mrefu ni wa mwandishi wa habari.

"Bendi mahiri inayotoa burudani ya aina yake" haisemi kitu, kwa kuwa kila bendi inajiita hivyo. Sema mko wapi, tangu lini, mnapiga nini kwa vyombo gani, na nini kimewahi kutoka. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ikiandika tu "kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905", haihitaji neno "kongwe". Bendi ya miaka miwili haina tarehe kama hiyo, lakini ina kitu kingine: labda ganuni inayokaa pamoja na gitaa la umeme, labda waimbaji watatu wa kike mbele na hakuna mwanamume anayeimba. Hicho kiwe sentensi ya kwanza.

Toleo la Kiingereza (au Kifaransa, kama mnalenga Bujumbura, Kinshasa au Ulaya) liandikwe na mtu anayeijua lugha hiyo. Tafsiri ya mashine hujikwaa kwenye majina ya vyombo na mitindo, na mratibu wa nje huliona hilo mara moja.

Sauti

Chagua nyimbo tatu, si kumi na mbili. Ya kwanza iwe ile ambayo sauti ya mwimbaji au kiitikio kinaingia mapema. Utangulizi wa dakika moja na nusu wa taarab ni mzuri ukumbini, ila hapa unamchosha mtu kabla hamjaanza. Weka WAV ya 44.1 kHz, biti 16, pamoja na MP3 ya 320 kbps kwa redio. Ndani ya MP3 jaza jina la wimbo, msanii, mwaka, msimbo wa ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) na picha ya kava. Faili inayoitwa "final mix 3 mpya" ikifika kwenye kompyuta ya studio ya redio imepotea.

Video ya laivu

Kwa waandaaji wa matamasha hii inazidi video ya wimbo iliyopambwa, kwa sababu inawaonyesha kile watakachokilipia. Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar mwezi Februari, limejijenga juu ya muziki unaopigwa laivu. Video ambayo watu wanafumbua midomo juu ya rekodi haimwambii mchaguzi chochote. Lengo ni wimbo mmoja au miwili mizima, bila kukatwakatwa, wa kwenu wenyewe. Wimbo wa kurudia wa msanii mwingine unaweza kuzuiwa YouTube, na pia unaacha swali kama mna nyimbo zenu.

Simu tatu zinatosha. Moja mbele katikati ikionyesha jukwaa zima, isisogezwe. Ya pili kwa mwimbaji. Ya tatu ikizunguka kwenye mikono ya wapigaji. Zote zilale, 1080p, kwenye stendi au meza. Ziweke katika hali ya ndege, maana simu ikiingia inaweza kukata rekodi katikati ya wimbo. Bonyeza na ushikilie usoni mpaka fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo kila taa ikibadilika picha itapumua, mara nyeupe mara nyeusi. Kagua nafasi: dakika moja hula takriban MB 60 hadi 150 kutegemea simu, kwa hiyo saa nzima inaweza kufika GB 9.

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Simu inayorekodi fremu 30 huishia na mistari myeusi inayotembea kwenye picha. Tumia programu inayokuruhusu kupanga mwenyewe, kama Blackmagic Camera, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Baadhi ya taa za LED za bei rahisi zitasumbua hata hivyo. Rekodi sekunde tano za majaribio na uziangalie kabla watu hawajaingia.

Sauti ya simu usiitegemee. Chukua sauti kutoka kwenye miksa ya fundi mitambo, lakini ujue kasoro yake: katika ukumbi mdogo gitaa na dramu husikika zenyewe bila kupita kwenye miksa, kwa hiyo rekodi hiyo itakuwa sauti za waimbaji tupu na besi ya mbali. Dawa ni kuweka kinasa kingine ukumbini, mita chache mbele ya jukwaa, na kuchanganya vyote viwili. Kinasa kilicho mita 10 kutoka jukwaani hupata sauti ikiwa imechelewa kama milisekunde 29. Isogeze ianze mapema zaidi kwenye programu, vinginevyo ngoma zitasikika mara mbili. Panga vinasa vyote kwenye 48 kHz, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha video. Kabla ya wimbo mtu asimame katikati ya jukwaa apige kofi moja kubwa linaloonekana na simu zote. Kilele cha kofi hilo ndicho utakachotumia kulinganisha kila kitu.

Picha na sauti zikianza sawa halafu zikaachana baada ya dakika mbili, kosa ni la simu: nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua fremu zisizobadilika, 25, ndipo uhariri kwenye DaVinci Resolve au CapCut. Kata kwenda kwa anayepiga wakati anapopiga. Hii kanuni ya kumwonyesha mpiga solo wakati wa solo inavunjwa kuliko zote, na inaudhi kila mwanamuziki anayetazama.

Kutoka kwenye rekodi hiyo hiyo toa vipande vya sekunde 15 hadi 30, vya kusimama, 1080 × 1920, kwa ajili ya TikTok, Reels na status. Kianze kwenye kiitikio chenyewe. Weka maneno ya wimbo kwenye kioo, kwani wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, na uyaandike kwa mkono: manukuu ya kujitengeneza hukosea Kiswahili cha mashairi vibaya sana.

Bango la onyesho

Tengeneza la 1080 × 1350 kwa kuposti na la 1080 × 1920 kwa status. Kwenye hili la pili acha pikseli 250 juu na 250 chini bila maandishi, kwa sababu hapo ndipo jina la akaunti na sehemu ya kujibu hukaa. Mpangilio wa taarifa ni nani, lini, wapi, kiingilio, namba ya mawasiliano. Wafadhili mstari mmoja chini. Bango lenye nembo kumi na mbili na picha za wasanii tisa halisomwi na yeyote isipokuwa wafadhili na wasanii hao.

Herufi ndogo kabisa zisipungue pikseli 36. Kwenye kioo cha simu hizo zinakuwa na kimo cha kama milimita 2, na chini ya hapo mtu mzima anatafuta miwani. Epuka maandishi mekundu juu ya meusi: WhatsApp hubana picha kwa JPEG, ambayo huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga, na kwa kuwa nyekundu na nyeusi zinatofautiana zaidi kwa rangi kuliko kwa mwanga, kingo za herufi zinachafuka. Njano au nyeupe juu ya giza hubaki safi hata bango likipita kwenye magrupu kumi.

Saa ndiyo mtego wa Afrika Mashariki. Andika "saa 2:00 usiku" kwenye bango la Kiswahili na "8 PM" kwenye la Kiingereza; kuandika "8:00 usiku" ni kumwambia mtu wa Tanga aje onyesho likiwa limeisha. Siku na tarehe zilingane: fungua kalenda, usikadirie. Onyesho linaloanza baada ya saa 6 usiku lipe siku mbili, "Jumamosi kuamkia Jumapili", kwa sababu "usiku wa Jumapili" kwa wengine ni Jumamosi baada ya magharibi na kwa wengine ni siku inayofuata.

Usichukue bango la Instagram ukalipeleka kuchapwa. Pikseli 1080 zikivutwa mpaka upana wa A3 zinabaki kama 92 kwa inchi, na maandishi yanatoka na ukungu. Kwa A3 anza upya na 3508 × 4961, ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, na utarajie bluu na kijani kali kupoa kwenye karatasi. Na kama ukuta ni wa mtu, omba ruhusa.

Kava la wimbo

Pikseli 3000 × 3000, mraba, RGB, JPG. Wasambazaji, yaani kampuni zinazopeleka wimbo kwenye Spotify, Boomplay na kwingine, hukataa kava lenye namba ya simu, linki, nembo za mitandao au bei, na hapa kwetu kosa linalorudi ni namba ya simu ya prodyuza pembeni. Maandishi yaliyomo lazima yafanane na jina ulilojaza kwenye fomu. Ukimtaja msanii mshirika kwenye kava na usimjaze kwenye fomu, inarudishwa. Punguza kava mpaka ukubwa wa ukucha wa kidole gumba uone kama jina linasomeka. Peleka kwa msambazaji wiki tatu au nne kabla, maana Spotify hutaka wimbo uwe umewasilishwa kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla ya kutoka.

Mchoro wa jukwaa

Ukurasa mmoja. Chini andika "watazamaji wako hapa" ili asiwepo wa kubishana kuhusu kushoto na kulia. Onyesha kila mtu amekaa au amesimama wapi, na wapi panahitajika umeme. Pembeni orodhesha chaneli za miksa. Kikundi cha taarab asilia, kwa mfano: 1 ganuni, 2 udi, 3 na 4 fidla, 5 akodiani, 6 besi, 7 dumbak (ngoma), 8 rika (tari), 9 mwimbaji, 10 na 11 waitikiaji. Taja ni maikrofoni za aina gani na nani anakuja na yake. Udi na ganuni husababisha mluzi kwenye spika zikikaribia dramu au monita yenye sauti kubwa, kwa hiyo ziwekeni mbali na hizo na mseme hivyo kwenye mchoro.

Kuweka pamoja na kutuma

Folda moja Google Drive, yenye folda ndogo za picha, sauti, wasifu, nembo na jukwaa. Video ziwe linki za YouTube, zisiwe faili. Nembo iwe PNG isiyo na mandharinyuma, moja nyeupe na moja nyeusi. Juu ya yote weka PDF ya ukurasa mmoja au miwili, chini ya MB 5, yenye picha, wasifu wa maneno 100, linki za nyimbo na namba. Majina ya faili yaeleweke nje ya folda: jina-la-bendi_picha-pamoja_mwaka_mpiga-picha.jpg.

Weka ruhusa ya "yeyote mwenye linki", kisha uifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, na tena kwenye simu ya mtu mwingine kwa data ya kawaida. Bendi nyingi hutuma linki inayodai ruhusa, na ombi hilo huja kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Linki zinazokufa baada ya siku chache usizitumie kwa maombi ya matamasha. Uchaguzi huchukua miezi.

Picha ikiombwa kwa WhatsApp itume kama hati, si kama picha, ili isibanwe. Ujumbe wenyewe uwe mistari minne: ninyi ni nani, mnaomba nini na tarehe ipi, linki moja, namba. Mwanamuziki akiondoka, badilisha picha ya pamoja, wasifu na mchoro wa jukwaa ndani ya folda ile ile, ili linki uliyokwisha kuituma kwa watu iendelee kufungua vitu vya sasa.